Nyaya Tatu za Simu ya Werugha

Cheti changu cha kompyuta nilikipata Mombasa baada ya miezi sita ya masomo, na kwa muda mrefu baadaye sikukutana na kitu chenye waya ambacho nilikubali kwamba kimenishinda. Niliporudi Voi nilikodi chumba karibu na stesheni ya reli, nikaweka kompyuta kuukuu na mashine ya kutoa nakala iliyonguruma kuliko posho mill ya jirani ya kusagia unga, na juu ya mlango nikatundika ubao: KUCHAPA, NAKALA NA USHAURI WA KITEKNOLOJIA. Maneno ya mwisho niliyaongeza kwa sababu mchoraji aliniambia nafasi imebaki.

Watu walikuja kuchapiwa barua za kuomba kazi na ratiba za mazishi. Ushauri hakuna aliyeutaka. Nilikaa chini ya ubao ule nikiungoja kwa hamu, nikipangusa kompyuta kwa kitambaa laini na kuwajibu wateja kwa sauti ya mtu mwenye mengi kichwani. Kwa hiyo tatizo la simu ya Werugha liliponifikia, mwishoni mwishoni mwa miaka ya tisini, sikulipokea kama tatizo. Nililipokea kama mgeni niliyekuwa nimemtayarishia kiti.

Mama yangu aliishi Werugha, kule juu milimani kwenye ukungu, na alikuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama wakulima wa mboga. Kikundi hicho kilikuwa na sanduku la bati lenye kufuli tatu. Funguo zilishikwa na wanawake watatu: mwenyekiti, katibu na mama. Siku ya mkutano mwenyekiti husema, "Ufunguo wa kwanza," akautoa wake mwenyewe. Kisha, "Ufunguo wa pili," katibu akatoa. Kisha, "Ufunguo wa tatu," ndipo mama akatoa. Anayeshika ufunguo hauonyeshi wala hautaji mpaka uitwe. Hata mumewe hajui unalala wapi. Mwanamke mmoja zamani alitoa wake kabla ya kuitwa kwa kuwa alikuwa na haraka ya kwenda kukamua ng'ombe. Walimtoa kwenye kamati siku ileile, na ng'ombe hakuhesabiwa kuwa sababu.

Mwaka huo wageni wa mradi wa maji walipofunga virago walikiachia kikundi simu ya mkono. Waliitoa kwa moyo mkunjufu, wao wakiwa wamekwisha kununua mpya. Ilikuwa nzito, nyeusi, yenye mkonga wa kuvuta, na mtandao ulishika mahali pamoja tu Werugha nzima, juu ya jiwe moja nyuma ya kanisa. Kikundi kiliijadili simu hiyo mikutano miwili, na mwisho wakaamua itunzwe kwa desturi ya sanduku. Mama alianza kunieleza jinsi walivyopanga. Nilicheka, nikamwambia simu si sanduku, nikamuuliza habari za ng'ombe.

Basi kila Jumamosi wale watatu walikutana jiweni, wakaitayarisha simu yao, wakapiga, wakapigiwa, kisha kila mtu akarudi kwake. Ndivyo walivyompata mteja wa kabichi, mtu aliyepeleka mboga kwenye hoteli za pwani. Alikuja mara moja, akanywa chai kwa mama, akaona matuta, akaahidi kununua kabichi zote zikikomaa. Namba yake aliiingiza mwenyewe kwenye simu. Kwenye karatasi hawakuiandika, kwa sababu mwaka mmoja kabla ya hapo daftari la kikundi lilisahaulika sokoni na kikundi kingine kikawahi wateja wote.

Mama ndiye aliyesimama kwenye mkutano akawaambia wenzake waache njegere wapande kabichi. "Huyu mtu nimemwona macho," alisema. "Akikosa kuja, mniulize mimi." Wakang'oa njegere. Matuta ya Werugha yakajaa kabichi kutoka kwa mwalimu mkuu mpaka kwa mzee wa kanisa, kwa neno la mama.

Wiki tatu kabla ya kuvuna, simu iliteleza kutoka mkononi mwa mwenyekiti ikaanguka jiweni. Haikufa kabisa. Ikiwashwa ililia, vitufe vikawaka taa, lakini kioo kilikuwa cheusi, na namba ya mteja ilikuwa huko ndani. Kabichi iliyokomaa haingoji. Isipokatwa hupasuka, na ikipasuka hakuna hoteli itakayoitaka.

Mama alinitumia ujumbe kwa dereva wa lori la mboga. Nilimjibu kwa barua iliyochapwa, ya kikazi kabisa, kwamba data iliyomo ndani ya simu inaweza kuhamishwa hadi kwenye kompyuta kwa njia ya waya na programu maalumu. Jambo hilo nililisoma kwenye gazeti. Nikamalizia: "Nileteeni simu pamoja na betri yake."

Walikuja watatu, wamevaa nguo za Jumapili siku ya Jumanne. Mwenyekiti alifungua kanga akatoa simu. Katibu alifungua kopo la majani chai akatoa betri. Mama alikuja mikono mitupu, na mkoba wake wa kanisani kwapani, nami nikadhani amekuja kuniona nikifanya kazi.

"Namba iko ndani?" mwenyekiti aliuliza.

"Iko," nilisema.

"Na itatoka?"

"Mama mwenyekiti, mambo ya kompyuta niachieni mimi."

Mama alinitazama kidogo, kama anayengoja niendelee. Sikuendelea. Nikawaandikia risiti ya simu moja na betri moja, nikaipiga mhuri, wakaondoka wameridhika.

Waya nilikwenda kuutafuta kwa mzee mmoja mwenye duka la kanga, saa na redio, mtu wa asili ya pwani ambaye familia yake ilikuwa Voi tangu babu zake. Mpwa wake aliyekuwa Dubai alimletea kila mwaka sanduku la nyaya zisizojulikana ni za nini.

"Waya upo, binti yangu," alisema. "Waya gani usiokuwepo hapa? Simu yenyewe i wapi?"

Alijaribu nyaya kadhaa kwenye tako la simu mpaka mmoja ukaingia na kukaza. Tukafurahi wote wawili. Nilifika ofisini kwangu ndipo nikatazama ncha ya pili, nikaona ni ile ya kuchomeka kwenye gari mahali pa kuwashia sigara. Gari sikuwa nalo, wala sigara.

Nilirudi. Mzee hakuona haya hata chembe. "Umesema unataka unaoingia kwenye simu," alisema. "Si umeingia?"

Mara ya pili nilikwenda na vipimo. Nyuma ya kompyuta yangu palikuwa na mlango wa meno tisa na mwingine wa meno ishirini na tano, na niliichora yote kwenye karatasi kwa penseli, kila jino mahali pake. Mzee aliisifu michoro yangu. Akanipa waya wa meno tisa uliokaa kwenye kompyuta vizuri ajabu, lakini upande wa simu ulikataa kwa unene wa ukucha. Waya huo, kumbe, ulikuwa wa simu nyingine ya kiwanda kilekile. Ya kwetu namba yake iliishia na sifuri, na waya ulitengenezwa kwa simu iliyoishia na nane. Nilichukua wembe nikauchonga ule mdomo wa plastiki asubuhi nzima, huku wateja wangu wakingoja ratiba za mazishi. Mmoja aliniambia marehemu angezikwa kabla sijamaliza. Waya ukaingia mwisho, na simu ikazimika papo hapo. Nikauchomoa haraka kabla sijaharibu kitu, na kwa siku mbili sikumwambia mtu.

Mama alishuka Voi juma la pili. Alikuja na kabichi moja kwenye mkoba wa mkonge, kubwa, ngumu, nzuri ajabu, akaiweka juu ya meza yangu kando ya kibodi.

"Hii ni ya mwalimu mkuu," alisema. "Yake zimetangulia. Zetu bado siku kumi."

"Siku kumi zinatosha, mao," nilisema, nikimwita mama kwa lugha ya kwetu.

"Sasa inataka nini?"

Nikamweleza. Nikamweleza habari za meno, na kasi, na programu, na jinsi simu na kompyuta zinavyosalimiana kabla ya kuzungumza. Nilizungumza vizuri sana. Alisikiliza ameweka mkono juu ya mkoba wake wa kanisani, na nilipotua kupumua akauliza, "Kwa hivyo hiyo simu na betri zinatosha?"

"Zinatosha."

"Hakuna ingine unataka?"

"Mao, nimekwambia. Mimi ndiye niliyesomea."

Akatikisa kichwa kukubali. Alinunua sukari akapanda kwao. Mpaka leo nikikumbuka hilo swali lake la mwisho, huwa natafuta kazi ya kufanya kwa mikono.

Mzee wa duka ndiye aliyenifumbua macho kuhusu nyaya, au ndivyo nilivyoamini. Aliniambia nyaya ziko za aina mbili, wenye akili na usio na akili. Usio na akili hupitisha umeme tu. Wenye akili una kidude kidogo ndani ya kichwa chake kinachotafsiri maneno ya simu yafahamike na kompyuta. "Na huo wenye akili," alisema, "hauuzwi bila programu yake. Nimeuagiza Mombasa." Nilimuuliza mbona hakunieleza tangu mwanzo. Akanijibu kwa upole mtupu kwamba mteja anayekuja na michoro hafundishwi.

Waya wa tatu ulifika na basi siku ya nne. Ulifaa kwenye simu, ulifaa kwenye kompyuta, nikaupenda kama jamaa yangu. Programu yake ilikuwa kwenye CD, ile sahani ya kung'aa. Kompyuta yangu ilikuwa na tundu la disketi peke yake. Nilishika ile sahani mbele ya kompyuta muda fulani, nikiitazama sura yangu ndani yake.

Voi yote ilikuwa na kompyuta moja mpya yenye tundu la sahani, nayo ilikuwa katika ofisi moja ya umma, imefunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono na juu yake pamewekwa chombo cha maua ya plastiki. Karani wake alikuwa mtu mwenye adabu.

"Hii ni ya kutumika," alinieleza, "lakini bado haijaanza kutumika."

Alihitaji barua. Nilirudi kwangu nikachapa barua ya kumwomba ruhusa. Akaisoma akasema haina nakala. Nikatoa nakala. Akasema mkubwa wake ndiye mwenye mhuri na yuko Wundanyi kwenye semina. Siku tatu zikapita hivyo, na kila siku dereva wa lori la mboga alipita dirishani kwangu na kunionyesha kwa vidole siku zilizobaki. Siku ya mwisho hakuonyesha kidole. Alipunga mkono tu.

Tulikutana ofisini humo siku ya Ijumaa, mhuri ukiwa umepatikana hatimaye: mimi, karani, mzee wa duka aliyekuja kushuhudia waya wake, yeye mwenyewe akiwa na simu ndogo mpya kiunoni, na mama, aliyekuwa ameshuka asubuhi kwa sababu kabichi ya kwanza shambani kwake ilikuwa imepasuka. Karani aliondoa maua. Akakunja kitambaa mara nne. Niliingiza sahani, nikafunga waya upande huu na upande ule, nikabonyeza kila nilipoambiwa nibonyeze, na kwenye kioo cha kompyuta ikatokea picha ya simu yetu, vitufe vyote, na mkonga wake.

Sitadanganya, machozi yalinilengalenga. Wiki tatu za wembe na penseli, na sasa simu na kompyuta zilikuwa zimesalimiana. Karani alipiga makofi mawili. Nikafungua orodha ya majina. Haikuwa na jina hata moja. Chini yake palikuwa na mstari mmoja wa Kiingereza, nikausoma kwa Kiswahili, kwa sauti, ili wote wasikie.

"Inasema, weka kadi."

"Ya tatu," alisema mama.

Akafungua mkoba wa kanisani, akatoa kitabu cha nyimbo, akakifungua katikati, na kutoka kwenye karatasi iliyokunjwa akatoa kidude chembamba kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Alikiweka mezani mbele yangu kwa namna ileile alivyoweka ufunguo mbele ya mwenyekiti.

Sikuwahi kumiliki simu ya mkono. Sikujua kwamba simu ina kadi, wala kwamba majina hukaa kwenye kadi, wala kwamba kadi hiyo ingeweza kutiwa katika simu yoyote nzima na namba ikasomwa, bila waya, bila meno, bila sahani. Kozi yangu haikufika huko. Wenye simu Voi wote walijua. Mzee alijua. Nilipomgeukia alinyoosha mikono.

"Mimi niliulizwa waya, mwanangu. Nikauza waya."

"Mao, umekuwa nayo tangu lini?"

"Tangu tupewe simu. Mwenyekiti alipewa simu, katibu betri, mimi hii."

"Ulikuwa nayo ile siku ya kwanza?"

"Nilikuwa nayo."

"Na juma lile jingine?"

"Si nilikuja na mkoba?"

"Sasa mbona hukusema?"

Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Uliita simu, ukaita betri," alisema. "Nikajua wewe umesoma, hii yangu huna haja nayo. Nikakuuliza kama kuna ingine unataka. Ukasema zinatosha."

Mzee alitia ile kadi kwenye simu yake ya kiunoni, ikachukua muda mfupi kuliko kufunga kiatu, na jina la mteja likatokea. Alimpigia hapo hapo akampa mama. Nilisikia sauti ya mtu huyo ikitoka kwenye simu, ya furaha kwanza, kisha ya masikitiko. Alikuwa amepiga kila siku kwa wiki mbili. Akadhani wamepata mteja mwingine. Alikwisha kununua za watu wa upande wa Taveta, na hoteli zimejaa. Kwa heshima ya ile chai angekuja kuchukua pikapu moja.

"Pikapu moja," mama aliniambia, akimrudishia mzee simu. Akakunja ile karatasi akairudisha kadi kwenye kitabu cha nyimbo.

Pikapu moja haikumaliza hata matuta ya mama mwenyewe, na kabichi zake hakuziweka humo. Alipakia za wale walioacha njegere kwa sababu yake, kidogo kwa kila nyumba. Zilizobaki zilipasuka shambani. Walilisha ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe hana masharti ya hoteli, na kwa mwezi mzima maziwa ya Werugha yalinuka kabichi. Chai ilinuka kabichi. Niliinywa nyumbani kwa mama vikombe vitatu, na mama akaniongezea cha nne.

Kikundi kiliketi Jumamosi iliyofuata katika chumba cha kanisa. Nilikwenda. Nilikuwa nimejitayarishia hotuba nzuri ya kuomba radhi, na waya wa tatu nilikuwa nao mkobani ili niwaonyeshe jinsi nilivyojitahidi. Nikakaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango. Mwenyekiti aliita ufunguo wa kwanza, wa pili, wa tatu, sanduku likafunguliwa, kisha mwanamke mmoja, jirani yetu, akasimama akauliza swali ambalo wote walikuwa nalo.

"Tuliambiwa huyu msichana amesomea. Tuliambiwa namba itatoka. Tunataka kujua, kosa lilikuwa la nani?"

Vichwa viligeuka kunitafuta. Kabla havijanipata, mama alisimama mbele, mkoba kwapani.

"Kosa ni langu," alisema. "Kadi ilikuwa kwangu. Mtoto alifanya kazi yake yote, mimi sikuitoa. Nilisema mniulize mimi, na mmeniuliza."

Jirani akaketi. Mwenyekiti aliandikisha kwamba mweka hazina amekiri kukawia na kadi, katibu akaandika, wakapita kwenye ajenda ya pili, mbegu za njegere.

Ningeweza kusimama. Mlango ulikuwa nyuma yangu na benchi lilikuwa jepesi, hakuna kilichonizuia. Nilikuwa na waya mkobani na maneno yote mdomoni, nikakaa nayo kimya, nikingoja mtu aniite. Hakuna aliyeniita.